Ukuta Unaokunywa

Bili ya mwezi wa nne ilikuja kama barua ya talaka:
fupi, haina salamu.
Nyumba ya watu wawili na samaki mmoja wa birikani
imekunywa maji ya harusi mbili.
Mahazi akapiga simu kutoka Mombasa:
"Uzeni. Mzungu atanunua hata ikivuja."

Nikamwita Shekuwe, fundi bomba.

Akaja na punda na mfuko wa spana,
punda akabaki kichochoroni kuziba njia ya watu.
Hakugusa koki. Aliomba gilasi,
mdomo wake akauweka ukutani, kitako sikioni,
akapita msana wa tini, msana wa yuu, ndani,
kama tabibu anayetafuta moyo kwa mgonjwa mnene.
Chini ya zidaka, safu ya tatu, akasimama.
"Hapa," akasema. "Hapa ndipo anapokunywa."

Mama alitwambia sauti ile ina wenyewe.
"Mai hayalali," alisema, "yana kazi yao,"
nasi tukajifunika shuka hadi utosini,
tukamwachia jini chumba chake cha chokaa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: hiyo tulifunzwa.
Hatukufunzwa habari ya ufa
uliomezwa na ukuta wenyewe,
ambao huuzibi
mpaka uvunje kilichochongwa na babu wa babu yako.

Tindo. Nyundo iliyovishwa kitambaa. Polepole.
Chini ya chokaa kikatokea kiraka cha saruji
ambacho hakuna aliyekikumbuka,
kimesawazishwa kwa kiganja, si kwa mwiko:
vidole vinne bado vimelala pale.
Halafu tumbawe, na ndani ya tumbawe gamba la kombe.
Halafu chuma.

Bomba la Baba, la mwaka aliouza minazi ya Kipungani
Mama asiteke tena kisimani.
Kwa nje lilikuwa zima. Shekuwe akalikata kwa msumeno,
akanigeuzia mdomo wake:
kutu juu ya kutu, na katikati kijitundu
kisichopitisha penseli.
"Mumeishi kwa hili?"
Tumetawadha, nikamwambia. Tumepika.
Tumemwoshea Mama.

Na penye kiungo, palipooza,
ukanda wa leso.
Umezungushwa mara saba, ukapakwa nta ya mshumaa,
ukafungwa fundo lile lile
alilofungia shilingi pembeni mwa nguo yake.
Lini? Mwaka gani, Baba akiwa Tanga haleti hata salamu,
alivunja ukuta peke yake, akauziba,
akapaka chokaa, akapika wali, akatuita kula?

Jina la leso limebaki nusu: KAA KI.

"Kaa kimya," akasema Mahazi kwenye simu.
"Kaa kitako," akasema Mwanasiti, naye ndiye mdogo,
ndiye aliyebebwa mgongoni kwa leso ile, huenda.
Shekuwe alikuwa anachoma bomba la plastiki kwa pasi yake,
jasho puani, hakuinua kichwa:
"Kaa kiasi, mwalimu. Kiungo hakijapoa."

Maji yalipofunguliwa yalikohoa kwanza,
yakatema hudhurungi, yakatema upepo,
kisha yakaja meupe kama hayakuwahi kutukosea.
Samaki alijificha siku mbili
ndani ya bakuli la kaure, chini birikani,
akiyapima.

Pesa ziliisha kabla ya lipu.
Tundu tumelifunika kalenda ya duka la dawa.
Bomba la Baba limechukuliwa na kijana wa jirani,
linashika antena.
Ukanda nimeufua mara moja tu, kwa hofu,
nikauanika ndani, si juani.

Usiku ule nyumba haikusema neno.
Nikageuka, nikageuka tena.
Saa nane nikashuka kunywa maji,
nikamkuta Mwanasiti gizani, gauni la kulalia,
gilasi ukutani, sikio kitakoni.

Sikumuuliza.
Akajisogeza, akanipisha.